Somo la Mazingira: Kusoma Maji ya Mto Thego kwa Nzi Bandia

Mto Thego huanzia kwenye miteremko ya Mlima Kenya, hupita upande wa Kiganjo katika Kaunti ya Nyeri, na maji yake huishia katika Mto Tana. Huko juu ni kijito chembamba chenye mawe mengi. Wakazi huteka maji hapo, hunywesha ng'ombe na kumwagilia mboga. Katika maji hayo hayo huishi trauti, samaki anayeweza kumweleza mkazi mengi kuhusu hali ya mto wake.

Trauti si mwenyeji. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta trauti wa kahawia kutoka Scotland na kuwatia katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Baadaye akaletwa trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni Amerika Kaskazini. Huyu hutambulika kwa mstari wa waridi ubavuni. Wote wawili wanataka maji baridi, yanayokwenda kasi na yenye hewa nyingi. Maji yakizidi nyuzi 20 za Selsiasi huanza kutaabika. Ndiyo sababu hawaonekani katika mito ya nyanda za chini.

Anayewavua kwa nzi bandia hufika mapema, maji yakiwa bado baridi, lakini harushi mshipi mara moja. Kwanza huinua jiwe. Chini ya jiwe lililo katika maji yaendayo kasi huwa kuna wadudu wadogo: wengine bapa, wenye mikia miwili au mitatu, wameng'ang'ania jiwe, wengine wamejijengea vijumba vya mchanga na vipande vya majani. Hicho ndicho chakula cha trauti. Mvuvi akishaona umbo na rangi yao, huchagua nzi bandia anayefanana nao, yaani ndoana ndogo iliyofungwa nyuzi na manyoya ya ndege. (Kazi ya kufunga nzi hawa ni ajira ya miaka mingi nchini, na wengi huuzwa ng'ambo.)

Nzi huyo hana uzito. Katika uvuvi wa kawaida, risasi iliyofungwa kwenye mshipi ndiyo huivuta chambo mbali. Hapa mshipi wenyewe ni mnene na mzito, nao ndio humbeba nzi. Kwenye kijito chenye vichaka pande zote hakuna nafasi ya kuurusha nyuma, hivyo mvuvi huukunja mbele yake na kuusukuma juu ya maji. Hutembea akielekea juu ya mto, kwa kuwa trauti hukaa akikabili mkondo akingoja chakula kiletwe. Kivuli cha mtu kikianguka majini, samaki ametoroka.

Jua likiwa kali, trauti hujificha chini ya kingo zenye mizizi na kivuli cha miti. Hapo mvuvi huona jambo ambalo mpita njia halioni. Sehemu ambayo ukingo umelimwa hadi majini, vivuli hakuna, mvua imeshusha udongo, na changarawe imefunikwa na tope. Trauti hutaga mayai ndani ya changarawe. Tope likiziba nafasi kati ya mawe, mayai hukosa hewa na kufa. Mvuvi anaweza kurusha hapo saa nzima bila kuguswa. Akipanda mita mia mbili, penye miti ya asili na nyasi, samaki wapo.

Jambo baya zaidi ni dawa ya mimea. Mkulima akiosha pampu yake ya mgongoni mtoni, wadudu walio chini ya mawe hufa kwanza, kisha samaki hukosa chakula au nao hufa. Wapo pia watu wanaomwaga sumu makusudi ili waokote samaki. Huo ni uhalifu chini ya sheria ya uvuvi ya mwaka 2016, na pia ni hatari kwa kila familia inayoteka maji chini ya hapo. Samaki wa namna hiyo wasiliwe.

Kipimo cha jiwe hakihitaji ufito wala leseni, na hata watoto wa shule wanaweza kukifanya wakiwa na mtu mzima. Inua mawe matano au sita katika maji yanayokwenda kasi, utazame chini yake, kisha uyarudishe yalivyokuwa. Wadudu wenye mikia na wajenzi wa vijumba wakiwepo kwa wingi, mto una afya. Wakibaki minyoo myekundu na ruba pekee, kuna uchafu unaoingia juu. Lakini kipimo hiki hakionyeshi vijidudu vya kipindupindu au homa ya matumbo: maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata pale trauti wanaporuka.

Kwa wenye mashamba kando ya mto, kanuni za maji zinataka ukanda usiolimwa wa angalau mita 6 kutoka ukingoni, na mto mpana huhitaji zaidi. Nyasi na miti ya asili hushika udongo vizuri. Mikaratusi haifai, kwa kuwa hunywa maji mengi. Pampu zioshewe shambani, mbali na mto, na maji yake yanyunyiziwe kwenye mimea ile ile iliyopigwa dawa.

Anayetaka kuvua trauti apate kibali kwanza kutoka ofisi ya uvuvi. Ndani ya mbuga za kitaifa aulize Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Samaki mdogo arudishwe majini. Mvuvi alowanishe mikono kabla ya kumshika, maana mkono mkavu huondoa ute unaomkinga na magonjwa, kisha amshikilie akikabili mkondo hadi aondoke mwenyewe.

Mkazi akiona samaki wengi wakielea wamekufa, asiteke maji hapo. Awaonye majirani walio chini ya mto, kisha apige ripoti siku hiyo hiyo kwa chifu, ofisi ya uvuvi au jumuiya ya watumiaji maji ya eneo lake, akitaja mahali na saa. Sumu husombwa na mkondo upesi, na kesho yake huenda kusiwe na cha kupima.