Kumtafuta Mfanyakazi kwa Maneno: Somo kwa Kamati za Miradi

Kamati nyingi huuliza, "Tumetangaza kazi lakini wanaofaa hawaji. Wako wapi?" Mara nyingi wako karibu tu, ila hawajaitwa kwa jina wanalojiita. Siku hizi watu huandika habari zao katika LinkedIn na Facebook, na maombi yao hujaa katika imeli ya ofisi. Kuwapata humo ni kazi ya kuchagua maneno.

Tuchukue mfano wa kamati ya maji huko Kitui inayotafuta fundi wa pampu na mabomba. Pampu ikikaa wiki tatu bila fundi, akina mama wanarudi mtoni na punda. Kwa hivyo si jambo dogo.

1. Tuandike majina yote ya kazi

Kabla ya kugusa kompyuta, tuchukue karatasi. Fundi huyu anaweza kujiita fundi bomba, fundi wa mifereji, "plumber" au "pipe fitter". Tukitafuta jina moja tu, hao wengine tunawaacha nje. Tena majina hubadilika na miaka. Yule mama anayetembelea nyumba kwa mambo ya afya aliitwa CHW, baadaye CHV, na tangu 2023 anaitwa CHP. Mama ni yule yule, kazi ni ile ile.

2. Tutazame cheti chake

Mafundi wengi wa Kenya walijifunza kazi mkononi, kisha wakafanya mtihani wa serikali wa gredi ya III, II au I. Kijana ataandika NITA. Mzee mwenye uzoefu ataandika DIT, kwa maana ndilo jina la idara iliyokuwepo kabla ya NITA kuundwa kwa sheria ya 2011. Anayetafuta NITA peke yake anamkosa mzee.

3. Tutafute kifaa, si cheo tu

Hapa ndipo ubunifu ulipo. Fundi mzuri huenda asiandike cheo chochote, lakini atataja alichokishika: Afridev kwa pampu ya mkono, Grundfos kwa pampu ya kisima kirefu, au sola. Tujiulize, "Mtu huyu akisimulia kazi yake ya jana, atataja nini?" Maneno hayo ndiyo ya kutafuta.

4. Tuunganishe maneno

Maneno matatu ya Kiingereza hutusaidia, nayo huandikwa kwa herufi kubwa. AND maana yake yote mawili yawepo. OR maana yake lolote kati yao. NOT maana yake hili lisiwepo. Msingi wake ni hesabu za mantiki za George Boole, Mwingereza aliyechapisha kitabu chake mwaka 1854. Katika Google nafasi tupu hufanya kazi ya AND, na alama ya kutoa iliyobanana na neno hufanya kazi ya NOT. Maneno yanayokwenda pamoja tuyafunge kwa alama za kunukuu. Kwa mfano:

"fundi bomba" OR plumber NITA OR DIT Kitui

Wakija wengi mno, tuongeze neno moja, kama vile Afridev. Wakija wachache, tupunguze neno au tuongeze OR. Tubadilishe neno moja kwa wakati, ndipo tutajua lipi limesaidia.

5. Tahadhari

NOT ni kama panga: hukata hata usichokusudia. Tukiondoa neno "mwanafunzi", tunamwondoa pia fundi aliyeandika kwamba amefundisha wanafunzi.

Tusitafute kwa jina la ukoo ili kupata watu wa kabila letu. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza ubaguzi wa kabila, jinsia, dini na ulemavu, hata kwa mtu anayeomba kazi. Na habari za watu tuzitumie kwa kazi hiyo tu, jinsi Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inavyotaka. Orodha ya nambari za simu isizungushwe ovyo katika WhatsApp.

Mwisho, wako mafundi hodari wasio na mtandao kabisa. Baraza la chifu, ubao wa matangazo na duka la vifaa vya ujenzi bado vina kazi yao. Hata huko tutumie ile karatasi yetu ya majina. Kompyuta hutuonyesha wa kuita tu. Kumpima fundi ni kumpa spana mbele ya pampu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kazi tunayotaka kutangaza ina majina mangapi hapa kwetu?
2. Anayeifanya vizuri hutumia vifaa gani, na huviitaje?
3. Ni nani ambao maneno yetu ya sasa yanawaacha nje?