Kabla Hamjapanda Basi la Bukoba

Wadogo zangu, Desemba ikikaribia, meseji zenu hubadilika. Mwezi wa tisa mnaniuliza mambo ya wivu na simu za usiku, lakini ikifika Novemba ni safari tupu. Mmoja alinuniana na mumewe kuanzia Morogoro mpaka Nzega. Mwingine, na huyu ni mwanaume, analalamika kwamba mkewe alibadilika ghafla walipofika kijijini kwao, akawa hasemi na mtu. Mwaka huu nawahi. Nazungumza nanyi kabla tiketi hazijakatwa, na mfano wangu ni safari ya Dar es Salaam kwenda Bukoba, kwa sababu naijua, na kwa sababu wawili wakiimudu hiyo, ya Moshi watakwenda wakipiga mluzi.

Tuanze na hesabu. Kupitia Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama na Biharamulo mpaka Bukoba mjini ni kama kilomita 1,400. Basi la abiria haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kila penye kibao cha 50 dereva anakanyaga breki, maana trafiki yupo kichakani na tochi yake. Hata basi lingekwenda 80 bila kusimama popote, hizo ni saa 17 na nusu. Ongeza mizani, ongeza chakula, ongeza tairi. Sasa wewe shemeji unayemwambia mdogo wangu kwamba saa nne usiku mtakuwa nyumbani mnaoga, hiyo saa nne umeitoa wapi? Usiku ukimkuta Kahama, miguu imevimba na kilomita mamia ziko mbele, hataikasirikia barabara. Atakukasirikia wewe uliyemdanganya. Sema ukweli mapema: tunaondoka alfajiri, tunafika kesho yake. Tangu mwaka 2023 Serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku, baada ya katazo lililokuwapo tangu miaka ya 1990, usiku mzima mnaweza kuumalizia kwenye siti. Kwa hiyo, mkikata tiketi pale Mbezi, ulizeni kama gari lina madereva wawili. Ulizeni pia siti zimepangwa mbili kwa mbili au mbili kwa tatu. Zikiwa mbili kwa tatu, kaeni upande wa mbili hata kama mtasubiri basi la kesho. Upande wa tatu atakuja kukaa mtu mwenye mabega, nanyi mtakosana kwa ajili yake.

Na mimi sioni kwamba ni barabara inayowagombanisha. Fikirieni nyumba zenu. Kuna watoto, kuna mdogo wake mume anayesoma chuo, kuna dada wa kazi, kuna jirani anayekuja kuangalia tamthilia. Baba anarudi usiku, mama amelala au anajifanya amelala. Lini mmewahi kukaa bega kwa bega saa 20, hakuna anayepika, hakuna anayetoka kwenda kuangalia mpira? Kwa ndoa nyingi, siti ya basi ndiyo faragha ndefu kuliko zote za mwaka, tena faragha yenye watu hamsini ndani yake. Yote mliyoyafunika kwa shughuli yanapanda gari pamoja nanyi, machungu kwa matamu.

Machungu huwa yanaanzia mwilini, na hapa wanaume nisikilizeni vizuri.

Basi likisimama porini na konda akapaza sauti kwamba ni muda wa kuchimba dawa, mwanaume anashuka, anasogea hatua tano, anageukia mti, amemaliza. Mwanamke anatazama huku na huku: nyasi fupi, upande ule wanaume, upande huu barabara. Wengi wanaamua kutoshuka. Na kwa kuwa wanalijua hilo tangu Dar, hawanywi maji. Asubuhi hajanywa, Dodoma hajanywa, na jua la Dodoma mnalijua. Mkifika Singida kichwa kinamgonga, hajibu ukimwongelesha, nawe unajiuliza umekosa nini, kisha unaamua kwamba ana kiburi. Hana kiburi, shemeji. Ana kiu. Nusu ya minuno ninayoandikiwa, nikiwahoji wenyewe taratibu, naikuta hapo.

Dawa yake ni kanga mbili kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti ambako haziwezi kufikiwa. Mshuke wote wawili. Wewe mwanaume utanyoosha kanga, ugeuze uso barabarani, usimame hapo mpaka amalize, wala usiharakishe eti dereva anapiga honi. Dereva hawezi kumwacha abiria na mumewe wote wawili. Najua kuna watakaoona haya kuonekana wameshika kanga mbele ya basi zima. Dada mmoja aliniambia kwamba katika ndoa yake yote, na mumewe amemnunulia mengi, tendo analolisimulia kwa wifi zake ni hilo la kanga pale njiani baada ya Igunga. Ninyi endeleeni kuona haya.

Kama mwenzako hutapika garini, hilo nalo lijulikane kabla, si litangazwe kwenye kona za Sekenke. Zile rambo, mifuko ya plastiki, zilipigwa marufuku Juni 2019, na mifuko iliyozirithi inavuja. Bebeni kopo la plastiki lenye mfuniko, lile la siagi linatosha. Akae karibu na dirisha, mbele ya gari si nyuma, ale kidogo. Mjamzito aende kliniki kwanza aruhusiwe, na njiani kila basi likisimama ashuke atembee, maana kukaa saa nyingi miguu imening'inia si kuzuri kwa damu yake. Hayo hayahitaji maneno mengi.

Pesa inahitaji. Mkipita Dumila nyanya zinapita dirishani, Gairo viazi vitamu, Singida kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti. Mmoja wenu ni mnunuzi, mwingine ni mhasibu. Karibu kila ndoa iko hivyo, na si lazima mhasibu awe mke. Mnunuzi anafurahia safari, mhasibu anajumlisha kimoyomoyo mpaka anapasuka kwa kitu cha mwisho, hata kama ni mahindi ya kuchoma tu. Tengeni pesa ya njiani peke yake, noti ndogondogo, ashike mmoja, na ikiisha imeisha. Mnunuzi akitaka kuku hai wa kupeleka ukweni, sawa, ila amshike mwenyewe miguuni mwake saa zote zilizobaki.

Lakini pesa inayovunja watu si ya viazi. Ni ya simu. Mkivuka Dodoma tu, simu zinaanza: mmefika wapi, mnakuja na nini, kaka usisahau ile ada ya mtoto, shangazi anaumwa. Mume anajibu kila simu kwa "usijali", na mke aliyekaa sentimita kumi kutoka kwenye hiyo simu anasikia kila "usijali" na bei yake. Hawezi kusema kitu, maana atakuwa mke anayewachukia ndugu wa mume. Ananyamaza, na mnajua kimya hicho kinakwenda kulipuka wapi. Kaeni chini wiki moja kabla, mpange kiasi chote cha kuwapa ndugu, cha upande huu na cha upande ule, mkiandike. Ukiwa na kiasi kilichokubaliwa, unaweza kumwambia mdogo wako "hiyo haimo" bila kumtazama mkeo ili akusaidie kukataa. Na wewe mke, mume akishikilia mliyokubaliana, usimbane tena kwa kile kidogo alichompa mama yake mkononi. Mama ni mama.

Sasa kufika. Hapa namjibu yule aliyesema mkewe alibadilika.

Ndugu yangu, mlishuka stendi alfajiri. Ukakumbatiwa na kaka zako, ukapelekwa kukaa, ukaletewa kahawa, habari za Dar zikaanza. Mkeo alielekea wapi? Jikoni. Miguu imevimba, hajaoga, hajalala, na ndizi zinamsubiri zimenywe. Wahenga walimpa mgeni siku mbili kabla ya kumpa jembe. Mke wa nyumba anapewa lake kabla hajavua viatu. Akisema amechoka, wewe ulikuwa basi lilelile na hujachoka. Basi hakubadilika, alikutafuta kwa macho ukawa hupo.

Jambo hili huwezi kulitatua ukishafika, hutatuliwa kwa simu siku mbili kabla, tena simu upige wewe mtoto wa nyumba, si yeye. "Mama, tutafika tumechoka sana. Mama Fulani naomba aoge alale kidogo, mchana atakuwa na wewe jikoni." Akina mama wa kule wamesafiri pia enzi zao, wanaelewa. Wanachokasirikia ni mkwe kujiamulia mwenyewe. Likitoka kinywani mwa mwanawe, linakuwa agizo la nyumba. Nimewaambia hili watu wengi na bado wanaume wanaona ni jambo dogo. Si dogo. Ningeambiwa nichague ushauri mmoja tu katika haya yote, ningechagua simu hiyo.

Mtasema, Dada, umetutisha, bora kila mtu aende kwao. Hapana. Hamjasikia utamu wake.

Mnapotazamana mezani, maneno mengine hayatoki. Mkikaa bega kwa bega, wote mmeangalia mbele, taa zimezimwa, gari linanguruma, mtu husema asichoweza kusema akitazamwa. Msomaji mmoja aliniandikia kwamba walipoivuka Muleba kwenye mwanga wa asubuhi, mumewe alinyoosha kidole kwenye mlima mmoja akamwambia, hapa nilikuwa nasukuma baiskeli ya mikungu ya ndizi kutafuta karo. Wana watoto watatu, na hakuwahi kuambiwa. Alimjua mwanaume mwenye ofisi, hakumjua mtoto mwenye baiskeli. Baada ya hapo, anasema, ubahili wake uliokuwa ukimkera akauona kwa jicho lingine. Haukwisha, anasisitiza, ila anajua ulikotoka.

Ndiyo maana siwashauri mkate tiketi ya ndege hata kama uwezo upo, angalau mara ya kwanza. Angani hamwonyeshani kitu. Barabarani mwenyeji anakuwa mwalimu: majabali ya Singida yamepangwa kana kwamba kuna aliyeyapanga, halafu mbuga kavu za Igunga, halafu kijani kinarudi na migomba inaanza. Kaeni siti za upande wa kulia mkienda, ili mkikaribia Kemondo muone ziwa. Na Novemba au Desemba huwa ni msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Mke wa kutoka pwani aonje mmoja, asilazimishwe wa pili.

Kama barabara yote ni nzito, gawanyeni. Treni ya SGR tangu 2024 inawafikisha Dodoma chini ya saa nne, mkalala pale, mkaendelea kesho mkiwa watu. Au basi hadi Mwanza, kisha meli ya MV Victoria, iliyorudi ziwani mwaka 2020 baada ya matengenezo, iwavushe usiku hadi Bukoba. Mimi meli naipenda kwa ajili ya wawili, kuna nafasi ya kutembea na kununiana kwa mbali. Lakini muulize mwenzako kwanza. Watu wa Kagera waliozika ndugu baada ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996 bado wapo, na wengine hawapandi meli mpaka leo. Akikataa usimwite mwoga. Panda basi, na huenda usiku huohuo akakusimulia.

Mkirudi, msianze kuwajadili ndugu mkiwa bado Kagera. Stendi imejaa shangazi. Ngojeni mpaka Nzega, mle kwanza, ndipo mtaje nani alisema nini, na kila mmoja amtaje wa kwao kabla ya kumtaja wa mwenzake.

Nina nafasi ya swali moja la mwisho. Kuna mdogo wangu ameuliza kama ni sawa kuipekua simu ya mume akisinzia garini, maana nyumbani haiachi mkononi. Hapana. Na ukiacha haya ya heshima, angalia ramani: ukikuta kitu mkiwa Singida, mbele yako kuna karibu saa kumi za kukaa naye siti moja, bega lake linakugusa, mama yake anawasubiri na ndizi. Kama huwezi kabisa kujizuia, subiri mrudi Dar.