Dada, 'Yaliyomo' Yangu Yamegoma

Mdogo wangu wa Tumbi, unayetaipu kwa wakili, ujumbe wako nimeusoma. Mkataba wa pango ni mrefu, bosi anausubiri, na kila ukiiambia Word itengeneze ukurasa wa yaliyomo, inakujibu kwamba haijaona kichwa hata kimoja. Na wewe unaapa vichwa vipo, vimekolezwa na kupigiwa mstari!

Pole. Vipo machoni pako tu. Word haihesabu unene wa herufi. KODI YA PANGO uliyoikoleza kwake ni aya kama aya nyingine, ila imevaa nguo ya Idi. Inachotafuta ni staili. Weka kishale kwenye kichwa, bonyeza Ctrl, Alt na 1 kwa pamoja. Hapo kimekuwa Heading 1. Vichwa vya chini yake vipe Ctrl, Alt na 2. Herufi zikigeuka bluu usishtuke, na tafadhali usianze kuvipaka weusi kimoja kimoja. Bofya kulia jina la staili kule juu, chagua Modify, weka rangi na fonti ya ofisi yenu mara moja tu. Vyote vitafuata.

Sasa lile litakalokuliza baada ya hapo: aya nzima ya kodi, mpaka faini ya kuchelewa, kuhamia kwenye yaliyomo. Hilo ni gonjwa la mikataba yetu, kwa sababu mawakili wanapenda kichwa na maelezo vikae mstari mmoja: "7. Kodi. Mpangaji atalipa..." Ukiipa aya hiyo staili ya kichwa, inabebwa yote. Dawa ipo, na wataipaji wengi hawaijui. Andika kichwa kwenye aya yake, maelezo aya inayofuata kwa staili ya kawaida. Rudisha kishale kwenye kichwa, bonyeza Ctrl, Alt na Enter. Vitaungana mstari mmoja, lakini kwenye yaliyomo kitaingia kichwa peke yake. Bosi atadhani umeroga.

Ukiona kwenye yaliyomo mstari mtupu wenye namba ya ukurasa, huenda kuna aya isiyo na maneno iliyobaki na staili ya kichwa. Bonyeza Ctrl, Shift na 8 uzione alama zilizojificha, uifute.

Namba za kurasa usizirekebishe kwa mkono. Najua bosi amesema "andika tu, tunachelewa." Mwitikie kwa heshima, kisha bofya ndani ya yaliyomo, bonyeza F9, chagua kusasisha jedwali lote. Ulichoandika kwa mkono F9 itakifuta, na mteja akiongeza kifungu jioni utaanza upya. Ukimaliza, igeuze kazi kuwa PDF kabla hujaipeleka steshenari kwenye fleshi. Kompyuta ya pale ikikosa fonti yako, mistari inasogea, kurasa zinahama, na utaambiwa wewe ndiye hukuangalia.

Halafu umeniuliza, karibu kwa kupitia tu, kama utumie njia hiyohiyo kwenye kumbukumbu za rufani. Hapo polepole, mama. Kanuni za Mahakama ya Rufani ya Tanzania za mwaka 2009, kanuni ya 96, zinataka kumbukumbu hizo ziwe na faharasa ya nyaraka zote pamoja na namba za kurasa zilipo. Lakini bunda lile kwa sehemu kubwa ni nakala: mwenendo wa kesi, vielelezo, hukumu, tuzo. Word haiwezi kusoma kichwa kilichomo ndani ya karatasi iliyoskaniwa, kwa hiyo F9 haitakusaidia. Faharasa hiyo ichapwe kwenye jedwali la kawaida, na iwe kazi ya mwisho kabisa, bunda likishapangwa na kila ukurasa kupigwa namba. Kisha tafuta mwenzako hapo ofisini: mmoja asome faharasa kwa sauti, mwingine afunue. Mkikuta hukumu imeandikwa ukurasa wa 112 nayo ipo 114, msikimbilie kubadilisha namba. Huenda kuna kurasa mbili zimeingia katikati baadaye. Zitafuteni kwanza, mumuulize wakili kama zilipaswa kuwemo.