Bima ya Gari la Biashara: Siku za Gereji Hulipwa na Nani?

Wengi wetu tunaobeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba kwenda minadani tuna bima ndogo tu, ile inayolazimishwa na sheria. Hiyo humlipa mtu mwingine tuliyemuumiza. Pikapu yetu ikipinduka, haitengenezwi kwa bima hiyo. Bima kubwa hutengeneza gari, ila kwa kawaida hailipi kipato cha wiki tatu gereji wala dagaa waliomwagika, mpaka tuombe nyongeza na iandikwe kwenye hati. Kabla ya kulipa tumuulize wakala: gari limeandikwa la biashara? Likiandikwa la binafsi, madai yanaweza kukataliwa. Kwa siku za gereji, tutenge kidogo VICOBA kila safari, hata mnada ukiwa mbaya.