Mashine ya Kufulia Nguo: Tazama Maji Kabla ya Kutazama Mashine

Katika somo letu la leo tutajifunza jinsi ya kuchagua mashine ya kufulia nguo nyumbani.

Zamani chombo hiki kilikuwa kitu cha hospitali, hoteli na nyumba za wakubwa. Siku hizi mambo yamebadilika. Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulianza kazi mwaka 2007. Tangu hapo nguzo za umeme zimepanda mlima na kuingia kwenye vihamba vingi. Madukani mjini Moshi mashine za kufulia zinauzwa. Na ikifika Desemba, watoto wanaofanya kazi Dar es Salaam na kwingine wanaporudi nyumbani kula Krismasi, wengine huwaletea mama zao mashine hiyo kama zawadi.

Zawadi hiyo ni nzuri. Kufua kwa mikono ni kazi nzito. Mama anainama saa nyingi, vidole vinachubuka, mgongo unauma. Na mara nyingi binti wa nyumba ndiye anayemaliza Jumamosi yake yote kwenye beseni, huku kaka zake wakipumzika au wakisoma.

Lakini iko mashine ambayo baada ya mwezi mmoja inageuka kuwa meza ya kuwekea masufuria. Haikuharibika. Ni kwamba haipati maji, au umeme wake hautoshi, au hakuna fundi anayeijua. Hela ya kahawa, ya maziwa au ya jasho la mtoto mjini imelala pale ukutani. Basi tujifunze ili jambo hilo lisitupate.

KWANZA: ZIKO AINA TATU

1. Mashine ya mapipa mawili. Pipa moja linafua, la pili linakamua. Unaweza kumimina maji kwa ndoo. Ukimaliza kufua, unazihamisha nguo kwa mkono na kuziweka pipa la pili. Kwa kawaida hii ndiyo ya bei ndogo. Ni nyepesi, watu wawili wanaibeba bila shida.

2. Mashine ya mlango wa juu inayojiendesha yenyewe. Pipa ni moja. Inavuta maji, inafua, inasuuza na kukamua. Wewe unabonyeza tu. Lakini inatumia maji mengi.

3. Mashine ya mlango wa mbele. Nayo inajiendesha yenyewe. Inatumia maji kidogo kuliko zote, na nyingi zinaweza kuchemsha maji. Lakini ni ghali zaidi na ni nzito sana, kwa sababu ndani yake mna uzito, mara nyingi wa zege, wa kuizuia isirukeruke. Nyingi zinafika kilo 60 au zaidi. Pia haikutengenezwa kumiminiwa maji kwa ndoo. Inataka bomba.

Muuzaji anaweza kukuambia kwamba mashine "inakausha". Muulize vizuri. Nyingi zinakamua tu. Nguo inatoka na unyevu na bado utaianika. Hata hivyo, kukamua huko ni msaada mkubwa kwetu. Mnajua wenyewe hali ya Kibosho, Machame, Marangu na Rombo ya juu mwezi wa Juni hadi Agosti. Ukungu, baridi na manyunyu. Sare ya shule iliyofuliwa Jumamosi inaweza kuwa bado mbichi Jumatatu asubuhi. Iliyokamuliwa na mashine hukauka upesi zaidi.

Tena usitegemee mashine ifanye miujiza. Utomvu wa ndizi ukishakauka kwenye nguo, mashine haiutoi. Nguo za kukatia mikungu zibaki kuwa nguo za shamba.

PILI: MAJI

Hili ndilo jambo kubwa la somo letu. Sikiliza mazungumzo haya ya simu kati ya mama na mwanawe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo mama. Krismasi hii nataka nikuletee mashine ya kufulia, ile ya mlango wa mbele. Wewe utabonyeza tu."

"Asante sana mwanangu, Mungu akubariki. Ila maji yataingiaje humo? Bomba letu liko uani, na kiangazi linatoka mara mbili kwa wiki."

"Si utamimina kwa ndoo, mama?"

"Ina mahali pa kumimina ndoo?"

Kijana akanyamaza kidogo. "Hapo sijauliza."

"Basi kaulize kwanza, baba. Usije ukaniletea kabati."

Mama huyu ameuliza swali sahihi. Mashine inayojiendesha yenyewe haivuti maji kama mtu anavyovuta kwa mrija. Inafungua mlango mdogo, na maji lazima yaje yenyewe kwa nguvu. Nguvu hiyo huandikwa kwenye kitabu cha mashine kwa herufi MPa. Mashine nyingi zinataka angalau 0.05 MPa.

Maana yake nini? Tangi likiwa juu ya mashine kwa mita 10, maji yanafika na nguvu ya 0.1 MPa hivi. Kwa hiyo 0.05 MPa ni mita 5. Tangi lililo juu ya mawe, urefu wa mtu tu, halitoshi kwa mashine ya namna hiyo.

Lakini hapa mlimani tunayo bahati. Mtu wa tambarare lazima ajenge mnara. Sisi ardhi yenyewe imeinama. Ukiweka tangi upande wa juu wa kihamba na kushusha bomba mpaka nyumbani, unaweza kupata mita 5 bila kujenga mnara. Pima kwa wima, yaani tofauti ya kimo kati ya maji yaliyomo tangini na mashine. Usipime urefu wa bomba.

Kama huna tangi wala bomba la ndani, chagua ya mapipa mawili. Lakini kumbuka maji yatabebwa na mtu. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Haifai mashine impumzishe mama mikono halafu imwongezee binti safari za bombani. Kwa hiyo tufanye hesabu ya maji.

Tuseme pipa la kufulia linachukua lita 40, na una mafungu matatu ya nguo. Kama utabadilisha maji ya sabuni kila fungu, utatumia lita 120 kufua na lita 120 kusuuza. Jumla ni lita 240, yaani ndoo 12.

Sasa fanya hivi. Anza na nguo nyeupe. Zikitoka, maji yale yale ya sabuni yafue nguo za rangi. Mwisho zifuate nguo za shamba. Kila fungu likamue kabla ya kusuuza, ili sabuni itoke. Hapo umetumia lita 40 za kufua na lita 120 za kusuuza. Jumla ni lita 160, yaani ndoo 8. Umeokoa ndoo 4.

TATU: UMEME

Kila mashine ina kibandiko, kwa kawaida nyuma au pembeni. Wewe unajua kusoma. Kisome kabla ya kutoa hela. Kinaweza kuandikwa hivi:

7 kg – 230 V – 50 Hz – 400 W

7 kg ni uzito wa nguo kavu ambao mashine inaweza kufua kwa mara moja. Ni nguo kavu, si mbichi. Blanketi zito likilowa linaweza kuivunja mashine ndogo.

230 V na 50 Hz ni aina ya umeme. Umeme wa nyumbani hapa Tanzania ni volti 230, hezi 50. Mashine inayoandikwa 220 V au 220–240 V na 50 Hz inafaa. Jihadhari na mashine zilizotumika kutoka nje. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, na Marekani ni volti 120. Mashine ya volti 100 ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu inaungua siku hiyo hiyo, hata kama inang'aa kama mpya.

400 W ni nguvu inayotumika. Uniti moja ya LUKU ni wati 1,000 kwa saa moja. Mashine ya wati 400 ikifua dakika 15, yaani robo saa, inatumia uniti 0.1 tu. Lakini mashine ya mlango wa mbele inapochemsha maji inaweza kutumia wati 2,000. Ikichemsha nusu saa, hiyo ni uniti 1 nzima, mara kumi zaidi. Kwa hiyo nguo za kawaida zifue kwa maji baridi. Tazama risiti yako ya LUKU ujue uniti moja inakugharimu shilingi ngapi, kisha uzidishe.

Sola ndogo za kuwashia taa na kuchaji simu haziwezi kuendesha mashine hii. Na kama jioni taa zako zinafifia, umeme wako unapungua nguvu. Fua asubuhi au mchana, na uulize fundi kuhusu stabilaiza, yaani kifaa cha kusawazisha umeme.

HATARI! Mashine ya kufulia inakaa mahali penye maji. Lazima soketi iwe ya matundu matatu na waya wa ethi uwe umezikwa ardhini kweli. Fundi wa umeme mwenye leseni aukague kwanza. Usiunge waya sakafuni. Usichomeke wala kuchomoa kwa mikono yenye maji. Watoto wasiguse pipa linalokamua.

NNE: SIKU YA KUNUNUA

Mama mwenye nyumba aende dukani. Yeye ndiye anayejua nguo ni ngapi na maji yako wapi. Mwambie muuzaji aichomeke mashine uione ikizunguka. Kisha uliza:

– Mikanda, pampu na vipuri vingine vinapatikana hapa Moshi?
– Fundi wake ni nani? Atakubali kupanda kijijini?
– Dhamana, yaani waranti, ni ya muda gani, na inahusu nini?

Dai risiti ya EFD, na uitunze pamoja na karatasi ya dhamana. Bila risiti utadaije haki yako?

Fikiria pia njia ya kwenda nyumbani. Mvua ya masika, Machi hadi Mei, gari linaweza kukwama chini, na mashine ya kilo 60 ikabebwa begani kwenye utelezi. Ikifika, iweke juu ya sakafu ngumu iliyo sawa. Mashine ya mlango wa mbele ina boliti za safari nyuma yake. Zitolewe kabla ya kuiwasha. Zikisahaulika, itaruka na kuvunjika. Na itumie sabuni ya mashine, isiyo na povu jingi.

TANO: MAJI MACHAFU YAENDE WAPI?

Wazee wetu walichimba mifongo na wakaweka taratibu za kuilinda, maana maji ya mfongo yakitoka kwako yanakwenda kwa jirani wa chini. Maji ya sabuni yasiingie kwenye mfongo wala kijito. Chimba shimo, lijaze mawe na kokoto, na uyaelekeze huko, mbali na kisima na chemchemi.

MWISHO

Ndugu msomaji, mashine nzuri ni ile inayolingana na nyumba yako. Mwenye tangi la juu, umeme imara na fundi wa karibu, anunue inayojiendesha yenyewe. Mwenye bomba la uani na ndoo, ya mapipa mawili itamfaa. Na yule ambaye maji anayafuata mbali, hela hiyo ainunulie kwanza tangi na mifereji ya kukinga mvua ya bati. Mashine itafuata baadaye, na itakuta maji yanaisubiri.

Hata majirani watatu au wanne wanaweza kununua mashine moja kwa pamoja. Ila waandike makubaliano: zamu ni ya nani, umeme unalipwaje, na ikiharibika nani anatoa nini.

MASWALI

1. Kwa nini tangi lililo juu ya mawe halitoshi kwa mashine inayojiendesha yenyewe?
2. Mashine imeandikwa 100 V. Je, utainunua? Eleza sababu.
3. Mashine ya wati 400 inafua dakika 30. Inatumia uniti ngapi?
4. Mama ana mafungu mawili ya nguo. Pipa ni lita 40. Maji ya sabuni ni yale yale kwa mafungu yote mawili, na kila fungu linasuuzwa kwa lita 40. Atahitaji ndoo ngapi za lita 20?
5. Jadilini katika kikundi: nyumbani kwenu ni nani anayefua, na ni nani anayeamua hela itumike vipi? Je, ni mtu mmoja?

Majibu ya hesabu: Swali la 3, uniti 0.2. Swali la 4, ndoo 6.