Maji ya Kunawa ni Shauri la Mume na Mke

Wanandoa wapendwa, siku ile mlipoahidiana kutunzana katika afya na ugonjwa, pengine mliwaza ugonjwa mkubwa, ule wa kulazwa hospitalini. Leo tuutazame ule mdogo tuliouzoea mno nyumbani: kuhara. Mara nyingi huletwa na mikono yetu wenyewe.

Tazameni tunavyonawa kabla ya kula. Beseni moja lawekwa katikati. Mgeni atumbukiza mikono kwanza, kisha baba, kisha wengine kwa umri. Mtoto mdogo kuliko wote, ambaye mwili wake haujapata nguvu ya kupigana na ugonjwa, anawa mwisho, katika maji yaliyokwisha kubeba uchafu wa nyumba nzima. Halafu wote wamega ugali katika sahani moja. Kuheshimu wakubwa ni vema, lakini hapa mtoto ndiye anayeilipia heshima hiyo.

Dawa yake ni maji yanayotiririka, hata yakiwa machache. Mmoja amwagie wenzake kwa kikombe, maji machafu yaanguke katika beseni. Bora zaidi ni kibuyu chirizi: mtungi wa lita 5 uliotobolewa kitundu, umening'inizwa kwenye mti, na kamba yake yafungwa kwenye kijiti cha kukanyaga, ili mkono mchafu usiushike mtungi. Sabuni ya kipande ikipotea kila siku, yeyusheni sabuni ya unga kidogo katika chupa ya maji na kutoboa kifuniko. Siku sabuni imekwisha, majivu safi ni afadhali kuliko kuacha. Sugueni kwa sekunde 20 hivi, kucha nazo zisisahauliwe: mtokapo chooni, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kulisha na kabla ya kula. Wataalamu wamepima jambo hili katika nchi nyingi, wakaona kunawa kwa sabuni huzuia karibu theluthi moja ya kuhara.

Sasa neno kwa akina baba. Hapa kwetu Kibwezi, kati ya Julai na Oktoba, maji ni taabu. Mama aliyetoka mtoni, akachota katika kisima cha mchangani, akabeba mtungi wa lita 20 mgongoni, hawezi kuyamwaga ovyo juu ya mikono. Atayaweka kwa chai na kwa muthokoi. Basi usimkemee kwamba nyumba yake haina usafi. Nyumba ni yenu wawili, na maji ni yenu wawili.

Fanyeni hesabu hii pamoja. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya paa la mita 1 ya mraba hutoa lita 1. Paa la mabati la mita za mraba 40, siku moja ya mvua ya milimita 25, laweza kutoa karibu lita 1,000, ukiacha kidogo kinachopotea. Hiyo ni mitungi 50 ambayo mama hakuibeba! Mbuzi huuzwa upesi kwa ajili ya simu mpya. Ya mifereji ya paa huahirishwa hadi mvua ya Novemba imepita.

Msiwasahau wageni. Kipindupindu kilichoenea katika kaunti nyingi za Kenya tangu Oktoba 2022 kiligunduliwa kwanza Kiambu, miongoni mwa watu waliokuwa wamehudhuria harusi. Kwa hiyo kamati ya harusi au ya mazishi inapogawa kazi za nyama na mahema, mtu mmoja apewe kazi ya maji ya kunawa na sabuni, naye asiwe na kazi nyingine.

Mwakumbuka kwamba baada ya tarehe 13 Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa nchini, mitungi ya kunawa iliwekwa milangoni mwa maduka na makanisa. Tulijua kunawa wakati ule, hata watoto walitukumbusha.

Jioni ya leo, watoto wakiisha lala, jadilianeni:

Katika nyumba yetu ni nani hunawa mwisho? Ni nani huchota maji, na huchukua saa ngapi? Mtungi ule wa mwaka 2020 uko wapi, na nani ataujaza kesho asubuhi?