Sufuria ya Mtu Mmoja

Katika shule ya kutwa kama yetu wanafunzi ni wa namna mbili. Kuna wanaorudi nyumbani jioni wakakuta mama ameshaivisha, na kuna sisi wa vyumba vya kupanga hapa Voi. Kwetu ni Kasigau, au Sagalla, au kule juu Wundanyi, na nauli ya kwenda na kurudi kila siku haiwezekani. Makala haya nawaandikia hawa wa pili. Wale wa kwanza nao wasome tu, maana baada ya kidato cha nne wengi watajikuta mbali na mama, wameshika mwiko.

Mimi huachiwa shilingi 500 za kula kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Wapo wenzangu walio na kiasi hicho hicho na Alhamisi wanalala njaa. Mmoja wao, jirani yangu, muhula uliopita alianza kukosa shule kila Ijumaa, mwishowe akaacha kuja kabisa. Watu walisema ni mvivu. Mimi niliyekuwa nikisikia mlango wake najua ilikuwa ni njaa. Kwa hivyo jambo hili tusilichukulie kuwa la mapishi tu.

Hebu tupige hesabu. Asubuhi chai na mandazi mawili ni shilingi 40. Jioni chipsi ni 100. Hiyo ni 140 kwa siku, na kwa siku tatu ni 420. Alhamisi asubuhi mtu ana shilingi 80; akishakunywa chai amebaki na 40, na kwa 40 chipsi hazinunuliki. Na hata hizo siku tatu alizoshiba amekula nini? Ngano, viazi na mafuta. Mboga hakuna, maharagwe hakuna.

Sasa hizi ndizo bei nilizolipa muhula huu. Zako zaweza kupanda au kushuka. Nusu gorogoro ya maharagwe 130. Gorogoro ya mahindi 100, na kusagisha 20. Mboga za majani mara nne, 80. Muhogo 20, mafuta ya kupima 30, nyanya na vitunguu 40, makaa 80. Jumla ni 500 kamili. Chumvi nilinunua mwanzo wa muhula.

Utaona kwamba vitu vikavu nanunua kwa gorogoro, si kwa kikombe. Dukani mtaani kwetu kikombe kikubwa cha maharagwe ni 40, na vikombe vinane ndivyo vinajaza gorogoro, yaani 320. Sokoni gorogoro hiyo hiyo ni 260. Kadogo ni ghali, jamani! Kama huna pesa ya gorogoro nzima, tafuta mwenzako mgawane, kama nifanyavyo mimi. Majani nayo ni kinyume chake. Sukuma wiki na mchicha vinavyoshuka kutoka milimani Taita, kwa joto hili la Voi, kesho yake vimenyauka. Nunua ya leo, na ununue jioni mama mboga anapotaka kufunga, ataongeza mkono bila kuombwa.

Lakini tahadhari na mahindi ya bei ya kutupa. Yakiwa na unyevu au harufu ya ukungu, yaache hapo hapo. Mwaka 2004 mahindi yaliyoota ukungu yaliua watu 125 katika sehemu za Ukambani, zikiwemo Makueni na Kitui, na Makueni tumepakana nayo. Sumu yake huitwa aflatoksini, nayo haitoki kwa kuchemsha.

Mwalimu wetu wa sayansikimu alitufundisha kwamba mahindi peke yake yana upungufu katika protini yake, na maharagwe yana kile kinachokosekana. Vikiliwa pamoja vinakamilishana. Wazee wetu hawakusoma kemia, lakini pure wamekuwa wakiila tangu zamani. Fauka ya hayo, kamulia ndimu kidogo kwenye maharagwe au mboga, maana madini ya chuma yaliyomo huingia mwilini vizuri zaidi. Sukuma wiki usiichemshe kisha ukamwaga maji, kwa sababu vitamini nyingi huenda na maji hayo. Kaanga upesi, ifunike, epua ikiwa bado kijani.

Adui mkubwa, hata hivyo, ni makaa. Maharagwe makavu yanaweza kukumalizia makaa ya siku mbili. Mimi huyaloweka usiku kucha, namwaga maji yale, kisha nayachemsha kwa nguvu nusu saa. Hapo naifunika sufuria, naizungushia blanketi kuukuu, naiweka ndani ya kikapu na kwenda zangu kufua. Baada ya saa tatu au nne huwa yameiva, au yamebakisha kidogo tu. Hiyo nusu saa ya kuchemka usiiruke, kwa maana maharagwe mekundu yasiyoiva vizuri hutapisha.

Friji hatuna. Yakisha kuiva, usitie kitunguu wala nyanya kwenye sufuria yote, yatachacha mapema. Yaweke na chumvi tu, uyachemshe tena asubuhi na jioni, na kila siku ukaange sehemu ya siku hiyo peke yake. Yakitoa povu na harufu kali, hapo hakuna ujanja, ni ya kumwaga.

Ijumaa ndiyo siku ya kimanga. Nachemsha muhogo, au ndizi mbichi za Taveta zikiwa rahisi, nachanganya na maharagwe yaliyobaki, naponda pamoja. Wataita wenzangu hamhitaji maelezo. Wageni, njooni muonje.

Wapo watakaosema kwao huletewa gunia kutoka shambani. Ni vizuri, lakini Kasigau na Sagalla ndovu wakishapita usiku mmoja, gunia halipo. Ndiyo sababu sisi watatu wa ploti yetu tumepatana. Mwenye sufuria kubwa ndiye hupika maharagwe ya wote Jumapili, wa pili huleta makaa, wa tatu maji mtungi mmoja. Kila mtu huja na bakuli lake lenye kifuniko. Kuna nafasi ya wanne.